Koti la Werema

Tarime Mjini
Jumapili, 19 Mei 2024

Mama yangu Bhoke,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaninung'unikia kwa kuinama kwenye injini za watu kutwa nzima. Habari za Machochwe? Nasikia tembo wametoka tena hifadhini wakala mahindi ya upande wa mtoni. Kama wamegusa ya kwako niambie, nije nikae nao kikao.

Najua unajiuliza kwa nini mtu mwenye simu anaandika barua. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba mtoto wa pekee haombwi kwa simu. Zamani vijana walipotaka kwenda mbali na mwenzao aliyebaki peke yake kwa mama yake, rika lake lilikuja mlangoni kumwomba, na mama akikataa, amekataa. Mimi kazi imenibana, siwezi kuja. Basi karatasi hii ichukulie kuwa ndiyo mimi, nimesimama mlangoni kwako, kofia mkononi.

Namwomba Nchagwa.

Sisi tuliotahiriwa pamoja Desemba ile ya 2008 tumemaliza miaka kumi na mitano, na hatujawahi kufanya jambo la pamoja zaidi ya kuchangiana misiba. Sasa tuko sita wenye pikipiki, tumepanga ziara. Kwanza visiwani, Ukerewe na Ukara. Kutoka huko tunashuka na nchi mpaka milima ya Makete, ambako wanasema mwezi wa saba maji yanaganda kwenye beseni. Watu wanatuambia ni wazimu kwenda huko msimu wa baridi. Ndiyo maana tunakwenda. Wiki tatu tu, na nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Nina ombi jingine. Kuna binti Issenye, anaitwa Precious, fundi cherehani. Baba yake, mzee Nyangwine, amesema hazungumzi habari za ng'ombe na mwanaume asiye na mama nyuma yake. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo nimekula kwako na kulala kwako. Desemba nakuomba uende Issenye na ng'ombe, ukae upande wa mama. Bila wewe sioi.

Mwanao,
Mwikwabe

*

Machochwe
2 Juni 2024

Mwanangu Mwikwabe,

Marahaba. Tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Tembo hawakugusa shamba langu, wamekula la jirani yule asiyenisalimu. Nimempa pole kwa mdomo wote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeomba vizuri. Ungepiga simu ningekukatalia, na wewe ulilijua hilo, mjanja wewe.

Ukweli ni kwamba sitaki aende. Nimezaa watano, wanne nimewazika nyuma ya nyumba na baba yao. Huyu mmoja ndiye nyumba yenyewe. Ana miaka thelathini, hajaoa, ng'ombe wa kuolea wamejaa zizini, na kila nikimuuliza anacheka. Sharti langu la kwanza ni hilo: akirudi, aoe. Wewe mwenzake ndiye umbane.

Sharti la pili ni koti la baba yake. Unalikumbuka, lile la kijeshi ambalo marehemu Werema alirudi nalo kutoka vita vya Uganda. Nimelitoa sandukuni nikalianika, nimelishonea bitana mpya ya blanketi, na mfuko wa ndani upande wa moyo aweke kitambulisho chake. Kifua cha Nchagwa unakijua tangu utoto, mlikuwa mnalala kitanda kimoja, wewe ndiye uliyekuwa ukiniamsha kwamba anakohoa. Huko kwenye baridi asilivue. Namkabidhi kwako, sijamkabidhi kwa nafsi yake, maana yeye hawezi kuwakatalia ninyi chochote.

Issenye nitakwenda. Siwezi kukuacha usimame peke yako mbele ya Nyangwine kama mtoto wa kuokotwa.

Mama yako,
Bhoke

*

Nansio, Ukerewe
28 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tunakusalimu sote sita, na mmoja wetu anakusalimu zaidi. Amekataa kuandika, anasema mwandiko wake utakufanya ufikiri ni mgonjwa.

Kivuko kilitutesa. Kornelio, yule mwenye kituo cha mafuta anayejidai haogopi kitu, alitapika kuanzia kamba ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa. Jana tulikuwa Ukara. Mama, kule mawe yamekaa juu ya mawe, na watu wamelima mpaka nafasi ya kiganja katikati yake. Walituonyesha jiwe ambalo wanasema hucheza ukiliomba. Tuliliomba, halikucheza. Nchagwa akasema labda halielewi Kikurya.

Koti analivaa. Huku ziwani upepo ni mkali asubuhi, lakini kufika saa nne jua linachoma na yeye bado amelifunga mpaka shingoni, jasho linamtiririka, kwa sababu eti ulimwambia. Watoto wa Ukara walimfuata barabarani wakimpigia saluti. Sisi tumempa jina, tunamwita Jenerali. Anakasirika kidogo, halafu anacheka. Unamjua.

Kesho tunarudi nchi kavu, kisha Singida, Dodoma, Iringa, na huko juu. Usiku tukikaa tunazungumza habari za jando, nani alisimama vipi. Ni maneno ya wanaume, sitayaandika.

Precious amenitumia salamu zako, kumbe mlikutana mnadani. Anasema ulimkagua kama anayenunua mbuzi. Asante, mama.

Mwanao,
Mwikwabe

*

Machochwe
25 Agosti 2024

Mwanangu Mwikwabe,

Habari za huko? Mimi naamka, nakamua, nalala. Kama huo ndio uzima, basi ni mzima.

Usihangaike kunipigia. Simu niliitumbukiza chooni siku ileile uliyonipa habari. Chombo kilichoniambia neno lile siwezi kukiweka tena sikioni. Tutaandikiana, kama ulivyoanza mwenyewe.

Uliahidi kumrudisha mpaka mlangoni. Mlimleta kwenye sanduku, na wewe ukasimama kule kwenye ua wa ng'ombe, ukaondoka kabla udongo haujajaa. Watu wameona. Niliwaambia umeumia sana kuliko wote. Nimekusemea uongo mbele ya ukoo mzima, na sijui kwa nini.

Naomba unieleze jambo moja. Kornelio aliniletea begi la Nchagwa. Ndani nilikuta koti limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Halina tope, halina unyevu, halina hata harufu ya mvua. Kornelio anasema mlimkuta mwanangu amekaa kando ya barabara kwenye ukungu, shati limemganda mgongoni. Nilipomuuliza habari za koti alitazama chini, akasema yeye hajui, nikuulize wewe, wewe ndiye uliyefunga lile begi.

Nakuuliza. Mwanangu alikufa kwa baridi, na koti lilikuwa kavu. Lilikuwa wapi?

Mama yako,
Bhoke

*

Tarime Mjini
8 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na homa, lakini naendelea vizuri. Nakuombea Mungu akutie nguvu.

Mama, maswali haya yatakuumiza bure. Kazi ya Mungu haina makosa. Ila kwa kuwa umeuliza, nitakuambia. Alilivua mwenyewe. Tulipoanza kupanda mlima alisema anasikia joto, na mimi nilimkataza kwa kinywa changu, nikamkumbusha maneno yako. Hakusikia. Kule kwenye kituo cha afya walitueleza kwamba mtu akizidiwa na baridi mwili humdanganya, anasikia moto, anavua nguo. Ni jambo linalojulikana, muulize muuguzi yeyote. Basi lilivuliwa, likawekwa kwenye begi, ndiyo maana ni kavu.

Nililia kuliko ndugu yake wa damu angelilia. Jandoni tulisimama bega kwa bega, usisahau. Mimi nimebaki na bega moja.

Mama, najua si wakati wake, lakini Nyangwine ananisukuma. Anasema kuna mtu wa Ringwani ameuliza habari za binti. Nimemwambia mama yangu yuko msibani, ataenda Desemba. Sijui nimwambie nini zaidi.

Mwanao,
Mwikwabe

*

Machochwe
29 Septemba 2024

Mwanangu Mwikwabe,

Pole kwa homa. Mvua imeanza kunusanusa, tunaandaa mashamba. Ng'ombe wa Nchagwa wananenepa, hawajui kitu.

Nimefanya ulivyosema, nimemuuliza muuguzi. Hapa tunaye Honoratha, mama wa Kihaya, hana haraka na maneno. Akasema ndiyo, ni kweli, baridi humdanganya mtu akavua nguo. Lakini akasema hilo huja mwishoni, mtu akiwa karibu kufa, wala si mwanzo wa mlima. Na akasema mtu wa namna hiyo hutupa nguo chini. Hazikunji, hafungi vifungo.

Halafu kuna mfuko wa ndani, ule niliokuambia nimeushona upande wa moyo. Hukuukumbuka ulipofunga begi. Nimekuta humo kitambaa cheupe kilichotariziwa ua jekundu na herufi mbili, P na M. Kinanuka petroli na sigara. Mwanangu alikuwa Msabato, hata moshi wa jikoni kwangu aliukimbia.

Kwa hiyo koti lilivaliwa. Lilivaliwa na wewe.

Sijamwambia mtu. Sitaki polisi, sitaki wazee, sitaki kikao cha ukoo. Nataka kujua mwanangu alikufaje, kwa sababu kila nikifumba macho namuona anakufa kwa namna nyingine, na nimechoka kumzika kila siku. Niandikie yote kwa mkono wako, bila kunionea huruma. Ukifanya hivyo, nakupa neno langu: Desemba nitakwenda Issenye na ng'ombe. Usipofanya, Nyangwine na amkubali mtu wa Ringwani.

Mimi neno langu silirudishi. Unanijua.

Mama yako,
Bhoke

*

Tarime Mjini
17 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama napaswa kuuliza habari za afya.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Sitajifanya mwema. Naandika kwa sababu Nyangwine amenipa mpaka Krismasi, na kwa sababu Precious ndiye kitu pekee kilichobaki ambacho kikinitazama sioni aibu. Yeye hajui lolote.

Ilikuwa tarehe 9 Julai, asubuhi, pale Chimala. Kutoka hapo barabara inapanda mlima kwa kona hamsini na saba, juu ni Matamba na nchi ya baridi. Tulikuwa tunakunywa chai. Mimi ndiye niliyeleta mchezo. Nilisema tupande na mashati tu, kama tulivyosimama siku ile ya kisu, tuone nani bado ni mwanaume. Makoti yote yawekwe kwenye sanduku la pikipiki yangu. Wengine walicheka wakakataa, na hakuna aliyewalaumu. Nchagwa naye akakataa. Alisema mama amemkataza.

Lile neno mama lilinichekesha, na watu wakacheka na mimi, nikanogewa. Jandoni nilisimama naye, Mama, mimi kulia kwake. Kisu kilipomgusa, bega lake lilitetemeka. Kidogo sana, hakuna mwingine aliyeona. Kwetu unajua mtu akijulikana ametetemeka nini kinampata, hata watoto wake wataimbiwa nyimbo za kejeli. Nilikaa na siri hiyo miaka kumi na mitano, na kwa kweli nilikuwa naona ni wema wangu. Siku ile niliitoa mezani. Nilisema, "Mwacheni huyu, mura. Huyu alitetemeka hata siku ile. Mimi niliona."

Hakuna aliyecheka tena. Nchagwa alisimama, akavua koti, akalikunja, akanipa. Akasema, "Libebe wewe. Tutaona huko juu nani anatetemeka."

Ningeweza kusema ni utani. Neno moja tu. Sikusema.

Kama kona ya thelathini ukungu ulitufunika, na manyunyu, na upepo unaopita kwenye mifupa. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti langu la mvua, lakini ndani nilikuwa na shati tu. Nikasimama, nikafungua sanduku, nikavaa la Werema chini ya la mvua. Lilikuwa na joto sana, Mama. Bitana yako ilikuwa nzuri. Nilikuwa nafunga kifungo cha mwisho Nchagwa aliponipita. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alinitazama, akaona nimevaa nini, akaenda.

Huko juu alibaki nyuma. Sisi tulifika Matamba tukaagiza supu. Kornelio akasema turudi tumwangalie. Nikasema mwacheni, anatafuta huruma, atakuja mwenyewe. Tulikaa saa moja na nusu.

Tulimkuta amekaa kando ya barabara, pikipiki ameiegesha vizuri kwenye stendi. Alikuwa bado anapumua.

Hapa ndipo nilipochana barua mara nne. Kornelio alivua jaketi lake akamfunika. Wengine walivua masweta. Mimi koti la baba yake lilikuwa mwilini mwangu, lina joto langu, na sikulivua. Ningelivua, wangejua nililivaa wakati yeye anapanda na shati. Nilisimama nikashika pikipiki yake. Tulimpakia katikati ya watu wawili, akafa kabla ya kufika kituo cha afya. Koti nililivua chooni, nikalikunja, nikalitia kwenye begi.

Hayo ndiyo yote. Ulisema nisikuonee huruma.

Nimefanya ulichotaka. Nakuomba na wewe ufanye ulichoahidi. Sina mama mwingine.

Mwanao,
Mwikwabe

*

Machochwe
22 Desemba 2024

Mwikwabe,

Barua yako ilifika, na salamu nimezipokea. Mimi ni mzima.

Uliniandikia ukweli na sina la kukulaumu juu ya hilo. Tangu niusome nalala. Ninamuona akifa mara moja tu.

Lipo jambo ambalo hukulijua. Wiki ile ya jando Nchagwa alikuwa na malaria. Usiku ule wa kuamkia siku yenyewe alichemka, mimi nikamwambia angoje msimu mwingine, baba yake naye akakubali. Alikataa. Alisema akingoja atatahiriwa na watu wengine, na yeye hataki rika jingine, anataka la Mwikwabe. Alisimama pale na homa ya kumwangusha ng'ombe. Hilo bega uliloliona lilikuwa linatetemeka kwa ajili yako. Alijua uliliona, aliniambia mwenyewe. Akasema, "Mama, Mwikwabe hawezi kunisema."

Nilikuahidi kwamba Desemba nitakwenda Issenye na ng'ombe. Nimekwenda, Jumanne ya tarehe 10. Niliwapeleka wale wa Nchagwa, maana ndio niliokuwa nao. Nyangwine aliwazunguka mara mbili, akawapenda. Akauliza kijana yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma ya nyumba yangu, amelala na ndugu zake, na kwamba mimi sina tena mtoto wa kiume, na nyumba yangu haiwezi kufa wakati zizi limejaa. Nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume kujiolea mke wa kumzalia, si jambo geni kwao wala kwenu. Bibi yako mwenyewe mzaa baba alioa mwanamke nyumba yake isizimike. Wazee walikaa, hawakuchelewa kukubaliana.

Usije ukasema binti ameburutwa. Kabla sijafungua mdomo kwa baba yake nilikwenda kwanza kwenye cherehani yake, nikampa barua yako na kitambaa. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa mwisho alirudi nyuma akausoma tena. Akaniuliza, "Alikuwa bado anapumua?" Nikamwambia mimi sikuwepo, huo ni mwandiko wa aliyekuwepo. Akachukua wembe wake wa kufumulia nguo, akaifumua ile M, uzi mmoja mmoja, akauzungusha kidoleni akautupa. Kisha akaniuliza kama nyumba yangu ina dirisha linaloingiza mwanga wa kushonea. Nikamwambia nitatoboa.

Dirisha limetobolewa. Yuko hapa sasa, ninaandika na yeye anashona. Watoto atakaowazaa watakuwa watoto wa Nchagwa, na wa kwanza wa kiume atachukua jina lake. Mila unaijua kuliko mimi: mtoto wa mwenzako wa jando ni mtoto wako, siku mkikutana njiani atakuamkia shikamoo baba. Utaitika, Mwikwabe. Utamwita kwa jina lake, na utaitika.

Barua yako ninayo sandukuni. Siku akikua akauliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, nitampa aisome.

Koti nimempa Kornelio akuletee. Limeshakuzoea, na mimi sina wa kumvisha. Usiku wa Krismasi huko Tarime unapoa sana, unajua. Bitana nimeifumua nikabaki nayo, kwa sababu ile nilimshonea mwanangu.

Mama Nchagwa